Mbuzi Hajakataa Watoto, Tumemwingilia



Kila msimu wa mbuzi kuzaa nasikia kauli ileile: "Bwana mifugo, mbuzi wangu amekataa watoto." Kinachofuata nacho ni kilekile. Mtoto anapelekwa jikoni karibu na moto, ananyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa chupa ya soda, na mama anasubiri siku ya mnada auzwe. Napinga utaratibu huu.

Kwanza, mara nyingi tunaita kukataliwa kitu ambacho sicho. Ni asili ya mbuzi kumwacha mtoto amejificha siku za mwanzo. Mama anakwenda kula, mtoto anajilaza kimya pembeni, kisha mama anarudi kumnyonyesha. Kabla ya kutoa hukumu, shika tumbo la mtoto na mtie kidole mdomoni. Tumbo limejaa na mdomo una joto? Ameshiba, mwache. Tumbo limenywea, mgongo umejikunja na mdomo ni wa baridi? Hapo kuna tatizo.

Pili, mama akimpiga mtoto kichwa, kagua kiwele kabla ya kulaumu tabia. Kiwele kigumu chenye maumivu hakimpi mama utulivu. Chuchu nazo huweza kuziba, hivyo kamua kidogo kila upande uone kama maziwa yanatoka. Ukiona mabonge au damu, mwite mtaalamu wa mifugo. Huo ni ugonjwa wa kiwele, si roho mbaya.

Tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, ni mikono yetu. Mbuzi humjua mwanawe kwa harufu, na harufu hiyo huishika anapomlamba ute wa uzazi katika saa moja au mbili za kwanza. Wewe unamwogesha mtoto, unaita majirani waje kumbeba, kisha unamrudisha kesho yake akinuka moshi na sabuni. Mama akimsukuma, unasema ana mkosi. Amkubali vipi mtoto asiyemtambua?

Utaniambia, "Nikisubiri atakufa." Ni kweli, muda ni mfupi. Mtoto lazima apate dang'a ndani ya saa chache za kwanza, kwa sababu uwezo wa utumbo wake kupokea kinga iliyomo hushuka haraka na baada ya saa 24 huwa karibu umekwisha. Anayemwaga dang'a akidai ni uchafu anamwaga kinga. Lakini kumwahisha mtoto kupata dang'a hakukulazimu kumtenga na mama yake.

Fanya hivi:

1. Weka mama na watoto wake peke yao kwenye kizimba kidogo, kikavu, kisichopitiwa na mbwa wala watu.

2. Mfunge mama kwa kamba fupi, mpe pumba na maji, mshikilie mtoto anyonye. Rudia kila baada ya saa 3 hadi 4, usiku na mchana.

3. Mpake mtoto ute wa uzazi au maziwa ya mama huyohuyo mgongoni na kwenye mkia. Vaa glovu, maana ute huo unaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba, nao huambukiza binadamu.

4. Akishindwa kunyonya, kamua dang'a umpe kwa chupa safi. Mtoto wa kilo 3 anahitaji kama mililita 300 katika saa 24 za kwanza, kidogo kidogo. Aliyepoa na asiyeweza kumeza mpashe joto kwanza. Ukimlazimisha, maziwa yataingia mapafuni.

Wapo wanaokataa kweli, hasa wanaozaa kwa mara ya kwanza au waliozaa watoto watatu. Ukijitahidi siku kadhaa bila mafanikio, tumia chupa bila aibu. Ila ujue ni kazi ya kila siku kwa miezi miwili au zaidi, na maziwa hayo ungeyauza.

Na yule mama usikimbilie kumpeleka mnadani. Wengi waliosumbua uzao wa kwanza hulea vizuri uzao wa pili, mradi apewe nafasi ya kumlamba mwanawe.