Kioo na Mchezo Wapatane
Safu ya kila wiki ya Omari Mwinyikombo

Wauzaji wa mashine za michezo za mkononi aghalabu huusifu ukubwa wa kioo na wingi wa rangi zake, wakanyamaza juu ya jambo ambalo, kwa rai yangu, lingestahili kutangulia: je, picha ikitembea hubaki nzima, au hupepesa na kuchanika?

Kupepesa kuna historia yenye fahari. Game Boy ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1989, iliweza kuonyesha vijisanamu 40 kwa wakati mmoja, lakini si zaidi ya 10 katika mstari mmoja wa kioo, na vilivyozidi havikuchorwa kabisa. Mafundi wa siku zile, kwa kuijua taksiri hiyo, walivipa vijisanamu zamu, hiki kikaonekana katika fremu hii na kile katika ifuatayo; na kwa kuwa kioo kile kilikuwa kizito cha kubadilika, hata sura ya kwanza haijatoweka ya pili imekwisha wasili, macho yaliviona vyote viwili, hafifu kidogo lakini vipo. Wengine waliifanya hila hiyo kwa kusudi, ili wapate kivuli au moshi wa kuona vilivyo nyuma yake. Leo mwenye mashine ile aking'oa kioo cha asili na kutia kipya cha IPS, chepesi na chenye nuru, kivuli kile kile humpepesea usoni, nami siwezi kukilaumu kioo kipya wala mchezo wa kale, maana kila kimoja ni sahihi peke yake. Kilichokosekana ni mapatano baina yao.

Kuchanika nako ni ukosefu wa mapatano hayo hayo. Kioo huchorwa mstari baada ya mstari, na prosesa ikileta picha mpya kabla ile ya awali haijafika mwisho, nguzo iliyosimama wima huonekana imekatwa, kipande chake kimoja kimesogea kando. Dawa ya zamani ni kuiamuru prosesa isubiri. Lakini katika kioo cha mara 60 kwa sekunde, picha iliyokosa nafasi yake ya milisekunde 16.7 hungoja nafasi nyingine kamili, na mkono wa mchezaji huhisi uzito. Dawa bora ni kioo chenyewe kusubiri, kama ilivyo katika ROG Ally ya 2023 na Switch 2 ya 2025. Steam Deck ya 2022 haikujaliwa uwezo huo, ila kioo chake chaweza kuteremshwa hadi mara 40, yaani milisekunde 25 kwa kila picha, nami nauthamini utulivu huo kuliko 60 zinazoyumba.

Mnunuzi hawezi kuyatambua hayo dukani, kwa kuwa picha iliyosimama haichaniki, na maandishi ya sandukuni mara nyingi hayasemi. Ni dhuluma kwa mzazi aliyejinyima ili amfurahishe mwanawe. Basi watengenezaji na wayaandike wazi, na wenye maduka waiwashe mashine mbele ya mnunuzi, wampe mchezo ambao mandhari yake hupita kwa kasi kutoka upande hadi upande, wamwache autazame kwa wasaa kabla hajatoa fedha yake.