Kinga ya Anga Huanzia Tanurini

Septemba 1978 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery wa Chuo Kikuu cha Brown kuhusu wazee wa Kihaya wa Tanzania na tanuri lao la chuma. Wazee wale walikuwa wamekaa miaka mingi bila kuyeyusha chuma, maana majembe ya dukani yalikwisha kuiua kazi yao. Wakaombwa waikumbuke. Wakafinyanga mirija ya udongo, wakachoma majani ya bwawani ndani ya shimo, wakajaza makaa na mawe ya chuma, wakavukuta. Joto lilipopimwa, watafiti wakaandika kwamba limepita nyuzi 1,800 za Selsiasi, kwa sababu mirija iliingizwa ndani kabisa ya tanuri na hewa ikapata moto kabla ya kuyafikia makaa. Ufundi huo ulikuwapo Buhaya kati ya miaka 1,500 na 2,000 nyuma.

Mwezi uliofuata, mkoa huohuo wa Wahaya ulipigwa mabomu kutoka angani. Ndege za Idi Amin wa Uganda zilishambulia Bukoba na Kyaka, na mwishoni mwa Oktoba majeshi yake yakaingia na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera. Nchi yenye wazee waliojua kupata joto la nyuzi 1,800 kwa mivukuto haikuwa na kombora hata moja ililolitengeneza yenyewe la kuilinda anga hiyo.

Toleo hili linahusu swali moja: je, taifa kama letu linaweza kujitengenezea kinga ya anga, na makombora ya kulinda bahari na ziwa? Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba tusianzie kwenye kombora.

Tukumbuke vita ile ilivyokwenda. Ndege za Amin zililenga Daraja la Kyaka, juu ya Mto Kagera, zikalikosa. Kilicholivunja ni baruti zilizotegwa kwa msaada wa mtaalamu wa milipuko kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, mtu wa mgodini aliyeijua kazi yake. Upande wetu, makombora ya kubeba begani yaliangusha ndege za adui, na heshima kwa vijana walioyafyatua ni yao milele. Lakini karibu na Musoma, ndege zetu wenyewe tatu zilitunguliwa na askari wetu wenyewe. Hawakuwa na habari kwamba zinazokuja ni za nyumbani.

Tukio hilo la Musoma nalirudia kila ninapozungumza na vijana, kwa sababu ndilo linaloonyesha kinga ya anga ni nini hasa. Kombora ni kipande cha mwisho cha mnyororo mrefu. Kabla yake kuna rada inayoona, redio inayopeleka habari, kifaa cha ndani ya ndege kinachojibu kwamba mimi ni mwenzenu, na mtu aliyefunzwa kuyasoma hayo yote kwa sekunde chache. Ukimwondoa mtu huyo, vyote ni vifaa vya elektroniki. Mkinunua mtambo uliofungwa, msioweza kuufungua, aliyewauzia anajua mnavyoonana na mnavyotambuana, nanyi wenyewe hamjui. Siku akikasirika, vipuri haviji.

Waturuki lilishawafika hilo. Baada ya vita vya Kupro vya 1974, Marekani iliwawekea vikwazo vya silaha, na mwaka 1975 wakaanzisha kampuni ya Aselsan. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa redio za mawasiliano za askari. Leo kampuni hiyo inashiriki kutengeneza mitambo ya kinga ya anga, na Uturuki ina kombora lake la kuzamisha meli, Atmaca. Kati ya redio ile na kombora hili imepita miaka 40 na zaidi. Anayewaahidi Watanzania kombora kwa miaka mitano anawadanganya.

Na kombora la majini si jambo la kupuuza. Oktoba 1967 boti ndogo za Misri zilizamisha manowari ya Israel, Eilat, kwa makombora ya Kisovieti, na mabaharia 47 wakafa. Aprili 2022 Waukraine wakaipiga meli ya Urusi, Moskva, kwa kombora la Neptune walilolitengeneza wenyewe. Nchi yenye pwani ya kilomita 1,400 na sehemu ya Ziwa Viktoria kubwa kuliko ya jirani yeyote inapaswa kuyasoma hayo kwa makini.

Sasa nirudi hapa kwetu Ndama, Karagwe. Juzi nilikaa kwenye kibanda cha fundi simu nikimtazama anavyofanya kazi. Alishika chuma cha moto mkono wa kulia, na mkono wa kushoto waya mwembamba wa lehemu, unaong'aa kama fedha. Akaugusisha kwenye kibao cha simu, tone likatua, moshi ukapanda, akapuliza. Kidonda cha upana wa punje ya uwele kikawa kimepona. Nikamuuliza waya ule unatoka wapi. Akasema anauagiza Dar es Salaam, nao wa Dar wanauleta kutoka Uchina. Sehemu kubwa ya waya huo ni bati. Na mwendo mfupi tu kutoka kwenye kiti chake, wilayani Kyerwa, watu wamekuwa wakichimba bati tangu enzi za Mwingereza: wanashuka mashimoni, wanapanda na mawe, wanaponda, wanaosha kwenye makarai hadi ubaki mchanga mweusi mzito. Kwa miaka mingi mchanga huo ulivushwa mpaka kwa magendo na kuhesabiwa mali ya wengine.

Hakuna rada duniani, wala kichwa cha kombora, wala redio ya askari, isiyoshikizwa kwa lehemu. Bati safi huyeyuka kwa nyuzi 232 tu. Kulitoa kwenye mchanga wake kunataka joto kubwa zaidi, lakini ni joto ambalo matanuri ya wazee wetu yalilipita.

Najua jibu nitakalopewa: zahanati haina dawa, wewe unazungumzia makombora. Naikubali hoja hiyo kwa moyo wote, na ndiyo sababu nasema tuanzie kwenye bati. Lehemu inayoshikiza rada ndiyo inayoshikiza mashine ya kupimia mama mjamzito. Fundi anayejua kutengeneza redio ya jeshi ndiye atakayetengeneza redio ya mvuvi wa Kemondo anayekumbwa na dhoruba. Shirika la Mzinga la jeshi letu pale Morogoro lipo, kituo cha Nyumbu pale Kibaha kilishatengeneza lori lake, na majirani hawajalala: Kenya ilifungua kiwanda cha bunduki Ruiru mwaka 2021, Uganda ina kiwanda cha risasi Nakasongola. Msingi upo, lakini unalala njaa.

Sharti moja silitolei punguzo. Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, mabomu yaliyohifadhiwa katikati ya makazi yalilipuka na kuua wananchi. Taifa lisiloweza kuhifadhi salama baruti liliyonunua halijastahili kutengeneza yake. Ghala lije kabla ya kiwanda, na Bunge lielezwe ghala hilo linasimamiwa vipi.

Karagwe haikuwa nchi ya kupokea tu. Mpelelezi Mwingereza John Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika Novemba 1861, alifika kwenye ufalme uliohifadhi ng'ombe waliofuliwa kwa chuma kama alama za utawala, na masimulizi yanamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme mhunzi. Nyundo ilikaa ikulu. Leo omuhesi, mhunzi wetu, anafua panga kwa springi za magari mabovu, na mtoto wake anaambiwa asome ili asije akawa kama baba.

Kurasa zinazofuata zinazungumza na wachimbaji wa Kyerwa, wahunzi na mafundi redio. Ndugu msomaji, ukishazisoma, nenda kwenye mkutano wa kijiji chako umuulize diwani, naye amuulize mbunge: mchanga wa bati wa Kyerwa utayeyushwa na nani, wapi, kuanzia lini, na ni vijana wangapi wa Karagwe na Kyerwa watakaofundishwa kazi hiyo? Jibu utakalopewa tuandikie, tutalichapisha.