Mlango wa Mpangaji ni Deni la Haki



Kila panapotokea wizi wa kuvunja nyumba katika mitaa yetu, husikika maneno yale yale. Mwenye nyumba husema kwamba mpangaji hakuwa mwangalifu. Mpangaji husema kwamba wezi wa siku hizi wana dawa. Vijana husema kwamba dawa ya mwizi ni tairi na kiberiti. Kisha watu hutawanyika, na mlango uliovunjwa hupigiliwa misumari miwili mahali pale pale, ukangoja usiku mwingine. Sisi twasema bila kificho: maneno hayo yote matatu yanakwepa jambo moja. Mlango ule haukuwa mlango. Ulikuwa ubao uliosimamishwa ili kodi ipate kupokelewa.

Huenda mtu akauliza, kitasa na bawaba vinahusianaje na Haki na Amani? Vinahusiana sana. Mwaka 1987, uliotengwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wasio na makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka uliokiri kwamba makazi yanayofaa ni haki ya mtu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 16, yampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, familia yake na unyumba wake. Mama lishe akiibiwa masufuria na mtungi wa gesi, amenyang'anywa kazi. Fundi cherehani akiibiwa cherehani, watoto wake wamenyang'anywa sare na chakula. Tajiri huibiwa mali. Maskini huibiwa riziki.

1. Mwizi hushinda nini?

Wengi hudhani kwamba mwizi ni bingwa wa kufungua kufuli. Ukweli ni kwamba mara nyingi hahangaiki na kufuli hata kidogo. Hutafuta palipo dhaifu pembeni yake.

Kwanza, hushinda fremu. Kitasa kiwe kizuri namna gani, ulimi wake huingia katika tundu la mwimo. Ikiwa bamba la chuma linalozunguka tundu hilo limeshikwa na skrubu fupi mbili, au fremu yenyewe imeegeshwa ukutani kwa misumari michache na plasta, teke moja au mtaimbo hutosha. Tena mlango wa mbao nyembamba ulio wazi katikati hupasuka kabla kitasa hakijatikisika.

Pili, hushinda kitasa cha bei rahisi. Ndani ya vitasa vingi tunavyotumia mna vibao vidogo vinavyoinuliwa na ufunguo. Vibao vikiwa viwili tu, namna za funguo zinazoweza kutengenezwa ni chache. Ndiyo sababu ufunguo wa jirani waweza kufungua chumba chako bila mtu yeyote kuwa na dawa. Vile vile, mlango uliosukumwa tu bila kuzungushwa ufunguo hushikwa na ulimi wenye mteremko, ambao hurudi nyuma kwa kusukumwa na kitu chembamba.

Tatu, hushinda kufuli la nje. Tuitazame nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, ambamo wengi wetu tumepanga. Mlango wa mbele huachwa wazi kwa sababu wapangaji huingia kwa saa tofauti, na kila chumba hufungwa kwa kufuli. Lakini kipande cha chuma kinachobeba kufuli hilo kimefungwa kwa skrubu zinazoonekana nje. Mwenye bisibisi hana haja ya kuligusa kufuli. Zaidi ya hayo, kufuli linaloning'inia nje latangaza kwamba ndani hamna mtu.

Nne, hushinda mazoea yetu. Ufunguo huwekwa chini ya zulia la mlangoni au juu ya fremu. Mpangaji wa zamani huhama na nakala yake, na mpya huingia bila kitasa kubadilishwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nasi twaongeza kwamba akuibiaye mara nyingine alipewa ufunguo.

2. Mdeni ni nani?

Mwizi ana dhambi yake na kosa lake, wala hatumtetei. Kanuni ya Adhabu yahesabu kuwa ni kuvunja nyumba hata pale mtu anapofungua mlango kwa kuusukuma tu, na adhabu huwa kubwa zaidi tendo likifanyika usiku. Lakini hatia ya mwizi haifuti deni la yule aliyepokea kodi ya chumba kisichofungika.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, chamwagiza ajengaye nyumba mpya kuweka ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka, na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Torati haikungoja mtu aanguke ndipo imwulize kwa nini hakutazama mguu wake. Ilimdai mjenzi ukingo kwanza. Basi, apangishaye naye adaiwe mlango kwanza.

Wenye nyumba watatujibu kwamba gharama ni kubwa. Twawauliza: si ninyi mnaodai kodi ya miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima kabla mpangaji hajaingiza kitanda? Siku hiyo fedha zimo mikononi mwenu. Bei ya skrubu ndefu nane na bamba nene la chuma ni sehemu ndogo ya kodi ya mwezi mmoja. Kinachokosekana si fedha. Kinachokosekana ni kumwona mpangaji kuwa ndugu. Twajua pia kwamba wapo wajane na wazee wanaopangisha chumba kimoja ili wapate chumvi na mafuta. Hao jumuiya iwasaidie. Lakini mwenye nyumba tatu zilizozungushiwa ukuta, anayelala nyuma ya milango ya chuma huku wapangaji wake wakijizuia kwa komeo la waya, asijifiche nyuma ya mjane.

Nao wapangaji wasinyamaze. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Hivyo yaliyoandikwa katika mkataba ni silaha kubwa ya mpangaji. Wengi husaini mkataba unaotaja kodi, taka na umeme, usiosema neno juu ya mlango. Hilo lirekebishwe.

3. Nondo zisigeuke jela

Wapo wanaokimbilia kujaza nondo kila dirisha na kufuli kila geti. Twawaonya. Mwezi Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu, pwani ya Kenya, wasichana zaidi ya 20 walikufa kwa moto ndani ya bweni lililofungwa. Tarehe 26 Machi 2001, katika sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea katika bweni lililotiwa moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Yaliyotokea bwenini yaweza kutokea chumbani. Mzazi anayemfungia mtoto au msichana wa kazi kwa kufuli la nje ili aende sokoni, amemkinga na mwizi na kumkabidhi kwa moto. Mlango wa haki humzuia aliye nje asiingie, na humruhusu aliye ndani atoke.

4. Tairi si kufuli

Tumeona pia watu wanaoshindwa kuchanga fedha za kununua komeo moja la mlango wa mbele, lakini wanapata petroli mara moja pakipigwa yowe. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kilitofautisha mapema: apigwaye akivunja nyumba gizani, na auawaye jua likiwa limekwisha kuchomoza, kwa huyu wa pili damu yadaiwa. Je, yule kijana anayeburutwa saa nne asubuhi, akiwa amekwisha kufungwa kamba, amekuwa hatari kwa nani? Katiba yetu, ibara ya 14, yalinda haki ya kuishi, na ibara ya 13 yakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kumchoma mtu hakurudishi cherehani, wala hakurefushi skrubu za mwimo. Kesho mlango ni ule ule, na mikono yetu ina damu.

5. Tufanye nini?

Mwenye nyumba na abadilishe kitasa kila mpangaji anapohama. Achague chenye vibao vitano kuliko viwili. Bamba la mwimo lishikwe kwa skrubu ndefu zinazopita fremu na kuingia ukutani. Kipande kinachobeba kufuli kifungwe kwa boliti zinazopenya mlango, nati zikiwa upande wa ndani. Mlango unaofunguka kwa nje uwe na bawaba ambazo pini zake hazichomoki. Angalau dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kutoka ndani.

Wapangaji wa nyumba moja wakubaliane saa ya kufunga mlango wa mbele, na kila mmoja awe na ufunguo wake. Kila anayetoka azungushe ufunguo hata akienda kisimani. Usiku ufunguo uwekwe mahali pamoja panapojulikana na wote walalao ndani, mbali na dirisha.

Kila Jumuiya Ndogondogo na itembelee nyumba za wanajumuiya wake, hasa za wajane, wazee na wagonjwa, ikague milango na kuwaita mafundi walio miongoni mwetu. Nehemia, sura ya 3, yatuonyesha watu wa Yerusalemu wakisimamisha milango na makomeo ya mji, baadhi yao kila mtu mbele ya nyumba yake mwenyewe. Na mwizi akikamatwa, viongozi wa Walei wawe wa kwanza kusimama kati yake na umati, mpaka afikishwe polisi.

Asiye tayari kufanya hivyo asituombee misa ya shukrani kwa nyumba yake mpya ya kupangisha.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika eneo letu, ni milango mingapi inayoweza kufunguliwa kwa bisibisi?
2. Ni nani kati yetu anayepangisha, na mkataba wake wasema nini juu ya mlango?
3. Moto ukizuka usiku huu, watoto wetu watatokea wapi?
4. Yowe likipigwa, tutakimbia na nini mkononi?