Mafuta ya Taa Hayanunuliwi Usiku wa Manane

SEHEMU YA 1: SWALI LENU

   

Tulipoongea habari za mkoba wa kujifungulia, lilikuja swali ambalo hata kliniki nalisikia, tena kwa sauti ya chini: "Nesi, nikianza kutafuta mtu wa kunichangia damu, si nitakuwa najitabiria mabaya? Mimi naamini nitajifungua salama." Wengine wameambiwa hivyo na mama mkwe. Wengine wameambiwa kwenye kikundi cha maombi, kwamba ukipanga habari ya shida umeshaiita.

Jibu langu naliweka hapa mwanzoni, ili hata ukiishia sehemu hii uondoke nalo. Kujiandaa sio kukosa imani. Kujiandaa ni imani iliyoshika kazi. Na ilivyo kwa mwili ndivyo ilivyo kwa roho: Mungu anapoita bila taarifa, tunaitika kwa kile tulichokiweka tayari siku za kawaida, siku ambazo hakuna aliyekuwa anatuangalia.

SEHEMU YA 2: WOTE KUMI WALILALA

Mfano wa wale wanawali kumi kwenye Mathayo 25 tunaujua tangu mafundisho ya watoto. Watano wenye busara, watano wapumbavu, bwana arusi akachelewa. Lakini kuna kitu tunakiruka. Bwana arusi alipochelewa, wote kumi walisinzia wakalala. Hata wale wenye busara! Na Yesu hakuwalaumu kwa kulala.

Mama mwenye kichanga, hilo ni lako. Unanyonyesha saa nane usiku, unaamka saa kumi na moja kuwasha moto, ukijaribu kusali rozari unalala kwenye fumbo la pili. Halafu Jumapili unasikia kwamba asiyekesha hatafika. Unarudi nyumbani na hofu juu ya uchovu.

Tofauti ya wale kumi haikuwa usingizi. Ilikuwa mafuta. Watano walikuwa na akiba kwenye chombo, ndiyo maana walilala bila wasiwasi na wakaamka bila kukimbizana. Wale wengine hawakuwa watu wabaya. Walialikwa, walikuja, taa walikuwa nazo. Walichokosa ni kile kidogo cha ziada ambacho mtu anaona "nitanunua baadaye".

Kwa hiyo sitakwambia usilale. Nakuuliza tu, chombo chako kina nini?

SEHEMU YA 3: KISICHOKOPEKA

Kuna watu huwa wanawaona wale wenye busara kama wachoyo, kwa nini hawakugawa mafuta? Mimi nikikaa leba nawaelewa.

Jirani yako anaweza kukuazima kitenge. Anaweza kukukopesha hela ya bajaji, akakaa na watoto, akakupikia uji. Lakini hata akupende vipi, hawezi kukumezea vidonge vya kuongeza damu vya miezi mitatu iliyopita. Hawezi kukuhudhuria kliniki. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili, na yule aliyefika akiwa tayari na upungufu wa damu ana nafasi ndogo zaidi ya kuvumilia. Saa ile wauguzi na madaktari tunafanya yote tuwezayo, ila miezi mitatu hatuwezi kuirudisha.

Na msidhani maandalizi hayana matunda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Sababu ni nyingi, lakini kila moja unayoweza kuitaja ni kitu kilichowekwa tayari kabla mama hajashikwa na uchungu: mkunga aliyesomeshwa, damu iliyochangwa, gari lenye mafuta, kadi ya kliniki iliyojazwa.

Angalieni hata daraja letu. Kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018, mama wa Ulanga aliyepewa rufaa ya kuja Ifakara alitegemea kivuko, na kivuko kina saa zake, mto nao una tabia zake. Leo anavuka mita 384 kwa dakika chache. Hakuna aliyejenga daraja lile usiku wa uchungu wake. Lilimsubiri.

Roho nayo ina vitu visivyokopeka. Mume wako akisali sana, sala hiyo ni yake, na inakusaidia. Mama yako akiwa mwanajumuiya hodari, Mungu ambariki. Lakini msamaha uliokataa kumpa wifi yako hakuna atakayekutolea. Mazoea ya kumwambia Mungu ukweli hakuna atakayekuazima siku daktari anapokuita pembeni kukueleza habari za mtoto. Saa ile huanzi kujifunza kusali. Unatumia ulichonacho.

SEHEMU YA 4: SOMO LA CHANDARUA

Wenzetu wa mbali huenda hawajui kwamba bonde hili limefundisha dunia kitu. Miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa na mradi mkubwa wa vyandarua vyenye dawa, na watafiti wa Ifakara wakafuatilia watoto. Matokeo yakachapishwa mwaka 2001: uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne waliolala kwenye vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Hawa ni watoto wa hapa hapa kwetu, wengine leo ni wazazi na wanasoma ujumbe huu.

Sasa fikiria chandarua kinavyofanya kazi. Mbu hapigi hodi. Humjui yupi ana malaria na yupi hana. Hakuna mama aliyewahi kusema, "usiku wa leo ndio wa hatari, leo tu ndio nafunga." Unafunga kila siku, unachomeka pembe chini ya godoro, unalala. Asubuhi hakuna anayekupongeza, kwa sababu hakuna kilichotokea. Baada ya miaka mtoto yuko darasa la tatu.

Ndivyo ninavyouona utayari wa Mkristo wa kawaida. Wengi tunasubiri mkesha mkubwa, mhubiri kutoka Dar, semina ya siku saba. Sio vibaya. Ila mkesha wa mara moja kwa mwaka ni sawa na kufunga chandarua Desemba tu. Baba Yetu moja mkiwa mmemshika mtoto mkono, "nisamehe" kabla ya kuzima taa, kumrudishia muuza nyanya chenji aliyoizidisha, hizo ndizo pembe za godoro.

Na mtoto anaona. Hana alimpeleka Samweli hekaluni akiwa mdogo, na kila mwaka akamshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Miaka yote ile ilikuwa ya kazi ndogo ndogo tu za hekaluni. Usiku Mungu alipomwita, kijana hakujua hata ni nani anayeita, alidhani ni mzee Eli. Lakini alikuwa ameshazoea kuamka akiitwa. Akaamka mara tatu bila kununa! Mazoea yalimfikisha kabla ufahamu haujafika.

SEHEMU YA 5: WITO SIO KIFO TU

Tukisikia "Mungu akikuita" tunafikiria jeneza. Jamani, kabla ya wito ule wa mwisho kuna mingine mingi, na mingi inakuja kwa sauti ya jirani.

Msimu wa kuamia ndege mnajua inavyokuwa. Familia zinahamia shambani, watu wanalala kwenye madungu huko katikati ya mpunga, barabara zimejaa maji. Usiku mtoto wa dungu la pili anawaka homa, anaanza degedege. Mama yake anapiga kelele. Huo ni wito. Nani ana tochi yenye betri? Nani ana salio? Nani ana pikipiki na lita moja ya petroli? Nani hajalewa? Wewe uliyelala na petroli kidogo kwenye dumu, usiku ule umekuwa na mafuta ya taa.

Au wodini wanahitaji chupa mbili za damu, na ndugu wa mgonjwa wametawanyika. Wapo watu ambao kundi lao la damu wanalijua, wameshachangia kabla, wakipigiwa simu wanavaa viatu. Wapo wengine wanaanza kuuliza kama kutoa damu kunapunguza nguvu. Wote wanaenda kanisani.

Kwa hiyo kwa yule mama wa swali la kwanza: ukimtafuta mtu wa kukuchangia damu hujitabirii mabaya. Unampa mwenzako nafasi ya kuwa tayari Mungu akimwita kwa ajili yako.

SEHEMU YA 6: NA SIKU YENYEWE

Najua kuna watakaoniandikia: "Mbona yule mnyang'anyi msalabani hakujiandaa na akaokolewa?" Ni kweli, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Wapo wamama waliofika hospitali bila kadi, bila hata khanga ya pili, wakatoka na mtoto mzima. Rehema ya Mungu haisubiri mkoba. Lakini yule mtu alikuwa na saa chache za kusema neno lake. Mto Lumemo ukivunja kingo wakati wa masika haumpi mtu saa chache. Rehema ni ya Mungu kuitoa, sio yetu kuipangia ratiba.

Na hili linalofuata nalisema taratibu, kwa sababu najua linawagusa baadhi yenu. Kuna mama aliyefanya yote. Alihudhuria kliniki, alimeza dawa, alisali, na mtoto hakubaki. Mama, usimruhusu mtu akwambie taa yako haikuwa na mafuta. Utayari haukuwa bei ya kununulia maisha ya mtoto. Ulikuwa ni upendo, na alikuwa nao muda wote aliokuwa na wewe. Anayehesabu imani ya mwenzake juu ya kaburi dogo, huyo ndiye anayetakiwa kukagua chombo chake.

Kwa hiyo sipendi mahubiri yanayotufanya tuogope tu. Hofu inamfanya mtu akimbie kliniki, na inamfanya akimbie kitubio pia. Anayeogopa habari mbaya haji kupima. Mimi nataka uje ukiwa unajua anayekuita anakupenda.

SEHEMU YA 7: MAFUTA YA WIKI HII

Nisiwaache hewani. Chagua mawili, usichukue yote:

1. Mwambie mwenzako kadi ya bima, kadi ya kliniki na akiba ya dharura viko wapi. Wote wawili mjue.

2. Jueni kundi la damu la kila mtu mzima nyumbani. Wenye afya, nendeni mkachangie kabla hamjapigiwa simu.

3. Yule mtu ambaye ukiona jina lake kwenye simu unageuza simu, mpigie. Kama bado ni ngumu, anza kwa kumtaja kwenye sala, kwa jina lake.

4. Deni dogo la dukani, lipa. Ukishindwa, kamwambie mwenye duka lini.

5. Sala moja fupi na watoto kila siku, wakati ule ule, hata umeme ukikatika, hata mkiwa dunguni.

6. Mama mjamzito, vidonge vyako vya leo umemeza? Weka simu chini, kameze, ndio urudi usome maoni.

Wenye maswali andikeni hapa chini, ya siri njooni inboksi. Nina zamu ya usiku leo, nitajibu kesho jioni. Anayeniombea aniombee na wale watakaojifungua usiku huu.