Undugu Usiozuia Dhulma: Maisha ya Lord Kitchener, Askari na Frimasoni

 

Ndugu Waislamu, jina la Frimasoni limekuwa kama jina la zimwi katika miji na vijiji vyetu. Mtu akijenga nyumba nzuri Kayanga, au akinunua lori Omurushaka, haupiti muda ila ataambiwa kuwa ameingia Frimasoni na kwamba kuna mtoto aliyetolewa kafara. Wakati huo huo simu za vijana wetu zinapokea ujumbe wa kuwaita wajiunge na Frimasoni wapate utajiri wa haraka, kwa sharti la kutanguliza ada ya usajili. Hivyo watu wamegawanyika mafungu mawili: fungu linaloogopa bila elimu na fungu linalotamani bila elimu. Yote mawili ni maradhi, na dawa yake ni kuijua hakika ya jambo lenyewe.

Kwa ajili hiyo tumeonelea tueleze maisha ya mtu mmoja ambaye historia imemhifadhi vizuri, aliyekuwa askari tangu ujana hadi kufa kwake, na Frimasoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Huyo ni Mwingereza Horatio Herbert Kitchener.

ASKARI ALIYEPITA KWETU

Kitchener alizaliwa Ireland mwaka 1850, akaingia jeshini mwaka 1871 akiwa afisa mhandisi. Alipima ardhi ya Palestina, akajifunza Kiarabu, na mwaka 1883 akaingia katika jeshi la Misri, nchi ambayo Waingereza walikuwa wameivamia mwaka mmoja kabla yake. Mwaka huo huo wa 1883 akala kiapo cha Ufrimasoni mjini Kairo, katika loji iliyoitwa La Concordia. Loji ndilo jina la kundi lao na la jumba wanamokutania.

Wengi wetu hatujui kuwa mtu huyu amehusika na ardhi yetu. Mwishoni mwa mwaka 1885 alitumwa Zanzibar kuiwakilisha Uingereza katika tume ya mataifa matatu, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, iliyopewa kazi ya kupima milki ya Sultani Barghash bin Said katika bara. Tazameni jambo hili: mataifa ya Ulaya yanakaa kuamua milki ya mtawala wa Kiislamu inaanzia wapi na inaishia wapi! Katika mapatano ya mwaka 1886 Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na nchi iliyobaki ikagawanywa kwa mstari baina ya Waingereza na Wajerumani. Mwaka 1890 mstari huo ukaendelezwa kuvuka ziwa kuelekea magharibi, na Karagwe ikaangukia upande wa Wajerumani. Hatusemi kuwa Kitchener ndiye aliyeikata Karagwe kwa mkono wake. Tunasema alikuwa mmoja wa wapimaji wa mwanzo wa kugawana huko.

OMDURMAN

Mwaka 1892 alifanywa Sirdari, yaani mkuu wa jeshi la Misri, na baadaye akaliongoza jeshi la Waingereza na Wamisri kuiteka Sudan. Tarehe 2 Septemba 1898, katika uwanda wa Omdurman, jeshi la Khalifa Abdullahi lilikabili mizinga, bunduki za kisasa na bombomu. Kwa asubuhi moja waliuawa Wasudani zaidi ya 10,000. Upande wa Kitchener waliokufa hawakufika 50. Mwenye akili na apime mwenyewe kama hiyo ilikuwa vita ya kawaida au machinjo.

Baada ya ushindi kaburi la Muhammad Ahmad, aliyejiita Mahdi, lilibomolewa, mifupa yake ikatupwa katika Mto Nile, na fuvu lake likawekwa kando kama pambo la ushindi, mpaka minong'ono ya Waingereza wenyewe, akiwemo Malkia Victoria, ilipolazimisha lizikwe. Sisi hatuamini kuwa Muhammad Ahmad alikuwa Mahdi aliyebashiriwa, wala hatuafiki kuyajengea makaburi makuba. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai. Heshima ya mwanadamu haifi pamoja naye.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1899, yaani mwaka mmoja tu baada ya Omdurman, Frimasoni walimpandisha Kitchener kuwa Mkuu wa jimbo lao la Misri na Sudan. Wale wanaosema kuwa wanadamu wote ni ndugu chini ya yule wanayemwita Mjenzi Mkuu wa Ulimwengu, walimvisha cheo mtu ambaye nyuma yake kulikuwa na maiti zaidi ya 10,000. Hatukusoma popote kuwa loji ilimuuliza habari za ndugu hao waliolala mchangani.

MAKABURU, INDIA NA BUKOBA

Msidhani kuwa ubaya wa mtu huyu uliwapata Waislamu peke yao. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1900 aliongoza vita dhidi ya Makaburu wa Afrika Kusini, ambao walikuwa Wazungu na Wakristo kama yeye. Mashamba yao yalichomwa moto, na wanawake na watoto wao wakakusanywa katika kambi zilizokosa chakula cha kutosha, maji safi na matibabu. Walikufa humo Makaburu zaidi ya 26,000, wengi wao watoto. Waafrika weusi nao waliwekewa kambi zao za kando, wakafa kwa maelfu, na kwa miaka mingi hakuna aliyejali hata kuwahesabu.

Kisha akapelekwa India kuwa mkuu wa majeshi, na huko nako Frimasoni wakampa uongozi wa jimbo lao la Punjab. Mwaka 1914 akawa Waziri wa Vita wa Uingereza. Ni katika uwaziri wake, Juni 1915, ndipo jeshi la Waingereza lilipovuka ziwa kutoka Kisumu, likaishambulia Bukoba, na askari wakaachiwa wapore mji. Wenyeji wa mji ule hawakuwa na ugomvi wowote na mfalme wa Uingereza. Kitchener mwenyewe alikufa tarehe 5 Juni 1916, meli ya kivita ya Hampshire ilipogonga bomu na kuzama karibu na visiwa vya Orkney. Vyeo vyote vya jeshi na vya loji vikabaki juu ya maji.

HOJA YETU NI IPI?

Hatusemi kuwa Ufrimasoni ndio uliomtuma Omdurman. Aliyemtuma ni dola yake. Wala hatuuponi uaskari kwa jumla. Miongoni mwa wazee wanaoswali katika misikiti yetu wamo waliouvuka Mto Kagera mwaka 1978 na 1979 kumtoa mvamizi, na tunawaombea kheri. Wala hatuhitaji vitabu vya kughushi vinavyodai kuwa kabila fulani la watu linaiendesha dunia nzima kwa siri. Muislamu hajengi hoja yake juu ya uongo, hata dhidi ya asiyempenda.

Tuwe waadilifu pia kwa wenyewe. Frimasoni husema kuwa wao si dini, kwamba kila mwanachama wao lazima amuamini Mungu, na kwamba kazi yao ni kujenga tabia njema na kutoa sadaka. Hapa Tanzania marehemu Sir Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017, aliongoza jimbo lao la Afrika Mashariki kwa miaka mingi bila kujificha, na alijulikana kwa mchango wake katika shule na hisani. Hayo hatuyakanushi.

Hoja yetu ni hii: undugu wa kiapo haupimwi kwa maneno yanayosemwa ndani ya chumba, wala kwa sadaka inayotolewa nje. Unapimwa kwa swali moja: Je, unauzuia mkono wa ndugu anapodhulumu? Mtume (s.a.w.) aliposema tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, Swahaba waliuliza atasaidiwaje dhalimu, naye akawajibu kuwa ni kwa kumzuia na dhulma yake. Huo ndio undugu. Katika loji, kanuni yao inakataza mijadala ya siasa na dini. Jamaluddin al-Afghani, aliyeingia kwao mjini Kairo katika miaka ya 1870, aliliona hilo mapema. Alitaka wazungumzie dhulma za watawala, akaambiwa siasa si kazi ya loji, akatofautiana nao. Basi undugu uliofungwa mdomo juu ya dhulma utamzuia nani? Kitchener aliweza kuwa ndugu mwema usiku, na asubuhi akaamrisha mizinga, bila kiapo kimoja kugongana na kingine.

Na pengine atasema msemaji: Je, Uislamu unachukia kila mapatano na asiye Muislamu? Hapana. Kabla ya utume, Mtume wetu (s.a.w.) alihudhuria Hilful-Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Mgeni kutoka Zabid, Yemen, alidhulumiwa mali yake na mkubwa wa Makka, al-As bin Wail, naye akapiga kelele mbele ya watu. Makureshi wakaapa wazi kuwa watasimama na aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake, na mali ya yule mgeni ikarudishwa. Mtume (s.a.w.) aliusifu mkataba huo hata baada ya utume, akasema lau angeitiwa mfano wake katika Uislamu angeitikia. Mkataba wa wazi wa kumtetea mnyonge dhidi ya mkubwa, huo tunauitikia. Kiapo cha siri kinachompa mkubwa cheo juu ya cheo, hicho tunakikataa.

Ama hukumu ya Muislamu kujiunga na Frimasoni, wanachuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita walikutana Makka mwezi wa Shaabani 1398, sawa na Julai 1978, wakapitisha uharamu wake. Muislamu halali kwa kiapo asichokijua mwisho wake, wala hafungi udugu ulio juu ya udugu wa imani.

SISI NASI TUJIPIME

Lakini hoja hii ni upanga wenye makali pande mbili. Kafuro, hapa hapa Karagwe, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waislamu tangu enzi za Mukama Rumanyika, na baadhi yao, pamoja na swala zao, waliuza watu. Nani aliwazuia?

Na leo je? Katika wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa ipo butura. Mkulima ana mgonjwa, au mtoto amerudishwa shule kwa ada. Anamwendea mwenye fedha, naye ananunua kahawa yake ingali maua kwa bei ya kumkamua. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaanza kuiva, na kila anayesoma fiqhi analijua hilo. Hata hivyo mnunuzi wa butura husimama safu ya mbele Ijumaa, akatoa mifuko ya saruji, na sisi tukamwombea dua kwa sauti kubwa. Tofauti yetu na ile loji ya Kairo iko wapi? Tukimpa cheo katika kamati ya msikiti bila kumzuia, tumekuwa kama wao, tena bila kiapo.

Basi tunawausia mambo matatu.

Kwanza, vijana, msitume hata shilingi moja kwa mwenye kuwaahidi utajiri wa Frimasoni. Huyo ni mwizi tu. Frimasoni wenyewe hulipa ada. Hawagawi magari wala majumba.

Pili, acheni kumtuhumu jirani kuwa ametoa kafara kwa sababu tu amefanikiwa. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Surat Hujurat tujiepushe na dhana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Kumsingizia mtu uuaji ni dhulma, na watu wamepigwa na kuuawa kwa tuhuma nyepesi kuliko hiyo.

Tatu, wenye uwezo katika kila msikiti wakae waweke mfuko wa kumkopesha mkulima kwa mkopo mwema usio na riba, ili asilazimike kuuza maua. Na maimamu wawaambie wanunuzi wa butura ukweli, kwa upole na kwa majina yao, faraghani kwanza.

Tunamuomba Allah (s.w.) aufanye undugu wetu uwe kinga kwa mnyonge na kizuizi kwa dhalimu, na atuepushe na unafiki. Amin.