Visingizio vya Mapokezi

Mgonjwa wa kisukari akifia mapokezi, maelezo huwa yale yale, iwe Kamsamba, Tunduma au Dar es Salaam. Mengi hayasimami.

"Ilikuwa malaria kali." Huenda. Katika bonde hili la Ziwa Rukwa, kwenye mashamba ya mpunga kando ya Mto Momba, kipimo cha malaria kikitoa mistari miwili hakuna anayeshangaa. Lakini malaria kali yenyewe hushusha sukari, na kwinini huishusha zaidi. Ndiyo maana miongozo ya tiba inataka kila aliyepoteza fahamu apimwe sukari, awe na malaria au asiwe nayo. Ni tone la damu kidoleni na sekunde chache tu.

"Alikuwa amelewa." Hili linaniudhi kuliko yote, maana anayelisema amemnusa mgonjwa badala ya kumpima. Sukari ikishuka mtu hutetemeka, hulowa jasho, huropoka, hata hugombana na wanaomsaidia. Ikipanda hadi damu ikajaa asidi, hupumua kwa nguvu na haraka huku ameketi, na pumzi yake hunuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Na hata kama kweli amekunywa? Pombe huzuia ini kutoa sukari, kwa hiyo mlevi aliyezimia ndiye hasa wa kuwahiwa na kipimo.

"Mwenye kisukari hatundikiwi glukosi." Kauli hii imeua. Chini ya 3.9 mmol/L sukari imeshuka. Aliyezimia kwa sababu hiyo huokolewa na glukosi ya mshipani, tena upesi, kwa kuwa ubongo haungoji. (Ndugu nao wasimmiminie soda mdomoni mtu aliyezimia, itaingia mapafuni.) Hata aliyepandisha sukari, akishapewa maji ya chumvi na insulini hadi ikashuka kufikia 14 hivi, huongezewa glukosi kwenye dripu ili insulini iendelee mpaka asidi iishe.

"Insulini haikai kwenye joto la huku." Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata hali ya joto ya kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya: kati ya nyuzi 25 na 37, kwa wiki nne, insulini haikupoteza nguvu yake. Akiba ya muda mrefu bado inataka friji. Chupa inayotumika haiitaki.

"Ndugu walichelewa kumleta." Mara nyingi kweli, walikuwa wanasaka nauli. Muda alioketi benchi baada ya kufika si wao.

"Ni mbali." Hapa nakubali, nusu. Barabara ya Kamsamba hadi Mlowo ni kilomita 130 hivi, na ukitoka hapo ndipo uanze kufikiria Vwawa au Mbeya. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, wa namba 115, uliwekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mzee wa kisukari hamo, na wakubwa wanapaswa kuulizwa kwa nini. Ila umbali haumzuii muuguzi kutundika lita ya kwanza ya maji ya chumvi gari likiwa bado linatafutwa. Wala hauzuii barua ya rufaa kuandikwa sukari ilikuwa ngapi, ilipimwa saa ngapi na mgonjwa amepewa nini, maana bila hayo wanaompokea huko wanaanza upya.