Laki tisa zetu: tununue masikio kwanza

Haya wandugu, leo tuongee hela na makelele.

Wanaopita uchochoro wetu hapa Nguvumali wanalijua lile dude. Rafiki yangu, mchomeleaji wa mageti, amefunga ringi nne za baiskeli, cheni, vipande vya bati na vijiko juu ya bomba refu. Upepo ukivuma ringi zinazunguka, vijiko vinagonga spoki, bati linalia. Watoto wanaliita kititia cha chuma, na kweli ni ndugu yake kile cha ukuti tulichokimbia nacho utotoni.

Sasa vijana sita tumechanga laki tisa tupate mitambo ya kuzichakata sauti hizo. Wenzangu watatu wanataka tuagize moduli za sinthesaiza kutoka Ulaya, na ya kwanza iwe oskileta. Mimi nimekataa, na kwa kuwa kikaoni hawakuniacha nimalize, namalizia hapa.

Kwa asiyejua: sinthesaiza ya moduli si kinanda. Ni vijisanduku, kila kimoja na kazi yake, unavyoviunganisha kwa waya upendavyo. Vingi siku hizi hufuata vipimo vya Eurorack, alivyovianzisha Mjerumani Dieter Doepfer miaka ya 1990. Vinapendeza, nakiri. Ila moduli nyingi za kiwandani huuzwa mamia ya euro kila moja, bado usafirishaji na ushuru. Laki tisa inayeyuka kabla hujasikia hata mlio.

Tena oskileta kazi yake ni kutengeneza sauti pale ambapo hakuna. Jamani, sisi sauti tunayo mpaka majirani wamelalamika! Tukianza na oskileta, lile dude litabaki pambo huku kisanduku kikiimba pembeni.

Tunachokosa ni sikio. Kuna kisahani cha piezo, kile chembamba cha rangi ya shaba kilichomo ndani ya saa za kengele na vidude vya milio. Ukikibandika kwenye bomba kinasikia mtikisiko wa chuma chenyewe, si hewa. Mikrofoni ya kawaida hapa kwetu itakuletea bodaboda, muuza kahawa, na upepo wenyewe ukivuma kwenye kipaza. Piezo bei yake ni ya vocha. Sharti lake moja: priampu yake iwe na ukinzani mkubwa pale sauti inapoingilia, megaohmu 1 au zaidi. Chini ya hapo besi inapotea na gurudumu zima linasikika kama kopo.

Baada ya hapo ndipo moduli ninayoipigania: ile inayofuata ukubwa wa sauti na kuugeuza kuwa volti. Kijiko kikigonga kwa nguvu volti inapanda, ringi ikipoa inashuka. Volti hiyo ukiipeleka kwenye filta, upepo ndio unaofungua na kufunga sauti. Hakuna anayegusa kitufe. Doepfer anayo moja, A-119, inayokuza sauti ya nje, inafuata ukubwa wake, na kutoa ishara ya kuwasha kitu kingine sauti inapovuka kiwango ulichoweka. Tukilazimika kuagiza kimoja, basi kiwe hicho. Filta na mwangwi vifuate. Oskileta ingoje mwakani.

Vilivyobaki tujenge wenyewe. Msinicheke. Kampala yuko Brian Bamanya, anayejiita Afrorack, aliyeona bei za moduli akaamua kujiundia kwa vipuri alivyoweza kuvipata. Mtambo wake mara nyingi hutajwa kuwa wa kwanza wa aina hiyo kujengwa kwa mkono Afrika, na albamu yake ilitoka 2022 chini ya Hakuna Kulala. Kabla yake Konono N°1 wa Kinshasa walikuza likembe zao kwa sumaku za vipuri vya magari, na ile mikwaruzo ndiyo iliyowapeleka duniani na Congotronics mwaka 2004. Hata Jean Tinguely wa Uswisi, mwenye makumbusho yake Basel tangu 1996, mashine zake zenye kelele alizijenga kwa vyuma chakavu.

Na hewa yetu ya chumvi je? Tundu za waya zitashika kutu, hilo halina mjadala. Moduli ya kiwandani ikifa, nani Tanga ataifungua, yenye vipuri vidogo kama chawa? Tuliyoichomelea risasi wenyewe tukiwa na mchoro mkononi, fundi redio yeyote atabadilisha aisii na transista tukaendelea.

Mwenzangu mmoja anasema vya kujitengenezea vinavuma. Ni kweli, na hapo namkubalia jambo moja: kifaa cha umeme, kile cha volti 12 chanya na 12 hasi, tununue kizuri kabisa. Umeme wa mtaani unavyopanda na kushuka sitaki kuujaribia kwa kifaa cha kubahatisha. Na laki tisa hii, kumbukeni, wawili kati yetu wametoa kwenye hela ya ada.

Kura tunapiga Jumapili. Vyovyote itakavyokuwa, mimi nabandika piezo wiki hii na kuanza kurekodi, maana upepo wa kusi na wa kaskazi haulisukumi dude upande mmoja, nami nazitaka sauti zote mbili. Mwenye saa mbovu ya kengele asitupe, nitaipitia.